Kisakinishi kipi, eneokazi lipi: ubishi wa Debian na yale ya kujua kabla ya kubonyeza Enter

Karibu na mwisho wa usakinishaji wa Debian, mfumo huria wa kompyuta wa familia ya Linux, hujitokeza skrini yenye orodha fupi ya visanduku. Juu kabisa kuna "Debian desktop environment", na chini yake yamepangwa majina ya maeneokazi, yaani mazingira ya madirisha na menyu unayofanyia kazi: GNOME, Xfce, KDE Plasma, Cinnamon, MATE, LXDE, LXQt. Kabla hujagusa kitu, baadhi ya visanduku vimeshatiwa alama, vikiwemo kile cha juu na cha GNOME. Ukibonyeza Enter, umeshaamua. Alama hiyo ya GNOME, ambayo wengi hawaioni kabisa, imebishaniwa kwa miaka.

Skrini hiyo ina mtego wake. Kwenye kisakinishi cha maandishi, alama huwekwa na kuondolewa kwa kitufe cha nafasi, ilhali Enter humaanisha "endelea". Mtu anashusha mshale hadi Xfce, anabonyeza Enter akidhani amechagua, kisha nusu saa baadaye anaikuta GNOME. Mwingine anaondoa alama ya GNOME lakini anaacha ile ya juu, akiamini hatapata eneokazi lolote. Atapata GNOME, kwa sababu kisanduku cha juu kikibaki peke yake husomwa hivi: "nataka eneokazi, nichagulieni". Asiyetaka eneokazi aondoe vyote viwili. Anayetaka Xfce aondoe alama ya GNOME na kuiweka kwenye Xfce.

Watu wakibishana kuhusu distro (aina mbalimbali za Linux) huzungumzia njia ya kusakinisha na eneokazi chaguo-msingi kama mambo mawili tofauti. Ukweli ni kwamba swali ni moja, linaulizwa wakati tofauti. Kisakinishi kidogo cha mtandao hukuuliza eneokazi mwishoni. Taswira ya majaribio, ile unayoiwasha kutoka kwenye flashi na kuitumia kabla ya kusakinisha, ilikuuliza siku ulipopakua faili: ukichukua ya GNOME utasakinisha GNOME, ukichukua ya Xfce utasakinisha Xfce. Asiyejua kwamba ameulizwa ndiye anayelalamika baadaye.

Jinsi GNOME ilivyotoka na kurudi

Kisakinishi cha Debian cha sasa, ambacho wenyewe hukiita d-i, kilianza na toleo la 3.1 (Sarge) mwaka 2005. Enzi hizo watu walisakinisha kwa CD, na CD moja hubeba takriban MB 700. Ilitarajiwa kwamba mwenye CD ya kwanza tu apate eneokazi kamili bila kuhitaji intaneti. GNOME ilipozidi kunenepa, ikaacha kuenea humo.

Agosti 2012 Joey Hess, aliyekuwa miongoni mwa watunzaji wa tasksel (programu inayoonyesha ile skrini ya visanduku), alibadili chaguo-msingi kuwa Xfce. Sababu aliyoitanguliza ilikuwa nafasi kwenye CD, na alieleza pia kwamba Debian haikuwa na utaratibu uliowekwa wa kuamua jambo kama hilo. Hata hivyo toleo la 7 (Wheezy) lilitoka Mei 2013 likiwa na GNOME. Novemba 2013 Xfce ikawekwa tena, safari hii kwa ajili ya toleo la 8, kwa makubaliano kwamba uamuzi upimwe upya mwaka uliofuata. Ulipopimwa Septemba 2014, GNOME ilirudi. Ndivyo ilivyobaki tangu toleo hilo la 8 (Jessie) lilipotoka Aprili 2015 hadi Debian 13 (Trixie) iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025.

Hoja zilizoirudisha zinastahili kusikilizwa vizuri, maana hazikuhusu urembo. Ya kwanza ilikuwa watumiaji wenye ulemavu. Kisomaji cha skrini, ukuzaji wa maandishi na matumizi bila kipanya vilikuwa vimekomaa zaidi katika GNOME (na MATE) kuliko katika Xfce ya wakati ule. Asiyeona anaweza kusakinisha Debian peke yake: menyu ya kuwasha ikitoa mlio, anabonyeza s kisha Enter, na kisakinishi kinaanza kusema. Haifai mtu huyo amalize kusakinisha kwa sauti, halafu aangukie kwenye eneokazi lisilosema naye. Hoja ya pili ilikuwa systemd, iliyokuwa ikiingia kama mfumo mkuu wa kuanzisha huduma: GNOME iliungana nayo vizuri, Xfce na wenzake walikuwa bado wanahangaika.

Hoja ya "watu wengi hutumia ipi" ni dhaifu kuliko inavyoonekana. Debian ina popularity-contest, programu inayotuma takwimu za vifurushi kwa hiari ya mtumiaji. Lakini kilicho chaguo-msingi huonekana kwenye kompyuta nyingi kwa sababu tu ni chaguo-msingi. Kuzitumia takwimu hizo kuamua chaguo-msingi ni kujipimia kwa kipimo ulichokitengeneza mwenyewe.

Na ile hoja ya CD iliyoanzisha yote? Imekufa. Hakuna anayebana eneokazi ndani ya MB 700 siku hizi. Kilichochukua nafasi yake kwa wasomaji wengi wa Afrika Mashariki ni bando na umri wa kompyuta.

Netinst, DVD na taswira ya majaribio

Netinst ni faili ya chini ya GB 1 yenye kisakinishi na mfumo wa msingi tu. Mengine yote, eneokazi likiwemo, hupakuliwa wakati wa kusakinisha. Kwa GNOME tarajia takriban GB 1 nyingine. Xfce hupungua hadi karibu robo tatu ya hapo. KDE Plasma huzidi. Faida yake ni kwamba unapata vifurushi vya leo, bila mlima wa masasisho siku ya kwanza. Hatari yake ni mtandao kukatika katikati. Ukikatika, usizime kompyuta. Kisakinishi kitaonyesha kosa na kukurudisha kwenye menyu yake. Rudisha mtandao na urudie hatua hiyo hiyo, vilivyokwisha kupakuliwa havirudiwi. Simu iliyounganishwa kwa waya wa USB na kuwashwa kushiriki intaneti huonekana kama kadi ya kawaida ya mtandao, na mara nyingi hutulia kuliko Wi-Fi.

Kosa kubwa la netinst ni kujibu "Hapana" pale inapouliza kama utumie seva ya mtandaoni ya vifurushi. Kisakinishi kinaonya, watu wanapita. Matokeo yake ni skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayodai jina la kuingilia, na mtu anasema Debian imeharibika. Haijaharibika, ila haikuwa na mahali pa kulitoa hilo eneokazi. Pale panapouliza seva ipi, deb.debian.org inatosha, kwani inakupeleka yenyewe kwenye nakala iliyo karibu nawe.

DVD ya kwanza ni faili ya karibu GB 4, na ndiyo njia ya kweli kwa anayesakinisha mahali pasipo na intaneti, au anayesakinisha kompyuta kadhaa kwa upakuaji mmoja. Ina ugonjwa mmoja maarufu: ukisakinisha nayo bila mtandao, apt, programu ya Debian ya kusakinisha vifurushi, baadaye itadai uingize diski kila unapotaka programu mpya. Fungua `/etc/apt/sources.list`, weka alama ya `#` mwanzoni mwa mstari unaoanza na `deb cdrom:`, hakikisha ipo mistari ya deb.debian.org, kisha endesha `apt update`.

Taswira ya majaribio hupendwa na wageni, na kwa haki. Unawasha kompyuta kutoka kwenye flashi, unajaribu sauti, Wi-Fi, kamera na mwangaza wa skrini, na bado hujagusa diski. Tangu Debian 10 (2019) ina kisakinishi cha Calamares, chenye hatua chache na ramani ya diski inayosomeka. Haijengi mfumo kifurushi kwa kifurushi kama d-i. Inamwaga kwenye diski nakala ya kile kilichomo kwenye flashi. Ndiyo maana ni ya haraka, na ndiyo maana pia unarithi vitu usivyoviomba.

Palipo na tofauti yenye uzito ni kwenye kusimba diski, yaani kuifunga isisomeke bila nenosiri. Calamares hujumuisha na sehemu yenye kerneli (kiini cha mfumo) ndani ya usimbaji, hivyo nenosiri linaulizwa na GRUB (programu inayowasha mfumo) kabla hata menyu haijatokea. GRUB hapo hutumia mpangilio wa kibodi ya Kimarekani hata kama umechagua mwingine, huchukua sekunde kadhaa kufungua, na ukikosea herufi moja inaweza kukutupa kwenye mstari wa amri. d-i huacha `/boot`, ile sehemu yenye kerneli, nje ya usimbaji. Kerneli ikishapakiwa ndipo nenosiri linaulizwa, kwa kibodi yako, na ukikosea unapewa nafasi tena. Kwa laptopu ya kazi inayobeba mafaili ya watu, d-i ndiyo ya kutumia.

Kuandaa flashi na kuishi na Windows

Baada ya kupakua, linganisha kwanza faili na alama yake ya uhakiki. Weka faili ya SHA512SUMS kwenye folda ile ile, kisha:

`sha512sum -c SHA512SUMS --ignore-missing`

Kwenye Linux tambua flashi kwa `lsblk`, ukiangalia ukubwa wake, halafu andika:

`sudo dd if=faili.iso of=/dev/sdb bs=4M status=progress conv=fsync`

Ni `sdb`, yaani kifaa kizima, si `sdb1`. Ukiandika kwenye patishani (sehemu tu ya kifaa), flashi haitawaka. Ukikosea herufi ya kifaa, unafuta diski nyingine bila kuulizwa. Kwenye Windows tumia Rufus, na ikikuuliza namna ya kuandika, chagua DD. Programu zinazochambua taswira na kupanga upya mafaili yake kwenye flashi ndizo chanzo cha kosa la "kisakinishi hakioni CD-ROM".

Malalamiko ya zamani kwamba Debian haioni Wi-Fi yamepungua sana. Oktoba 2022 wanachama wa mradi walipiga kura na kukubali programu dhibiti zisizo huru (zile ambazo vifaa kama kadi ya Wi-Fi huzihitaji ili vifanye kazi) ziwekwe kwenye taswira rasmi, na Debian 12 iliyotoka tarehe 10 Juni 2023 ikawa ya kwanza kutoka hivyo. Maelekezo ya mtandaoni yanayokutuma kutafuta taswira "isiyo rasmi" yenye programu dhibiti ni ya kabla ya hapo. Maelekezo ya umri huo yana kasoro nyingine pia: Debian 13 haina tena kisakinishi cha kompyuta za biti 32 za aina ya Intel na AMD (i386). Kompyuta nyingi za Core 2 Duo na kuendelea ni za biti 64, lakini vilaptopu vya mwanzo vya Atom si vyote.

Anayetaka Windows ibaki ana kazi ya kufanya upande wa Windows kabla ya kuchomeka flashi. Azime Fast Startup, kwa sababu Windows ikizimwa nayo huacha diski katika hali ya usingizi na kisakinishi hukataa kupunguza patishani yake. Kama BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) inafanya kazi, aisimamishe na aandike ufunguo wa kuokolea kwenye karatasi. Nafasi aipunguze kwa kutumia Windows yenyewe. GB 40 kwa Debian hutosha kwa raha. Kisakinishi kisipoiona diski ya NVMe kabisa, mara nyingi kwenye BIOS imewekwa hali ya Intel RST au VMD. Ukibadili kuwa AHCI diski itaonekana, lakini Windows isipotayarishwa kwa badiliko hilo haitawaka.

Mwisho, kisakinishi kiwashwe kwa hali ile ile ya Windows. Windows ya UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta) na Debian ya BIOS ya zamani kwenye diski moja haziwezi kuonana kwenye menyu. Zikiwa hali moja na bado Windows haionekani, weka `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false` kwenye `/etc/default/grub`, kisha endesha `update-grub`. Zipo laptopu ambazo hazijali maingizo mapya ya UEFI na hutafuta faili moja tu mahali pamoja. Kwa hizo washa flashi ya Debian katika hali ya uokoaji na uchague kusakinisha GRUB kwenye njia ya vifaa vya kuchomoka.

Nenosiri la root

d-i hukuuliza nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na hapo mazoea ya kujaza kila kisanduku huumiza. Ukiliacha tupu, akaunti ya root hufungwa na mtumiaji wako wa kwanza hupewa sudo, yaani ruhusa ya kuendesha amri kama root. Ukilijaza, root inakuwa na nenosiri lake na mtumiaji wako hapewi sudo. Siku ya kwanza unaandika `sudo apt update` na unaambiwa kwamba jina lako halimo kwenye orodha ya wenye ruhusa. Tiba:

`su -`
`apt install sudo`
`usermod -aG sudo jinalako`

Kisha toka kabisa na uingie upya. Kile kistari baada ya `su` kina kazi. Bila hicho unakuwa root ukiwa na njia za mtumiaji wa kawaida, na utaambiwa `usermod` haipo, ingawa ipo kwenye `/usr/sbin`. Calamares haina swali hili. Inatoa sudo moja kwa moja.

Basi eneokazi lipi?

Mwongozo wa Debian hutaja GB 1 ya RAM kama kiwango cha chini cha mfumo wenye eneokazi, na kupendekeza GB 2. Hiyo ni hesabu ya kuwasha, si ya kufanya kazi. Fungua kivinjari chenye kurasa kumi na utaona. Ukitaka hesabu yako mwenyewe, washa kompyuta, subiri dakika mbili, andika `free -h` na usome safu ya "available"; hiyo ndiyo RAM iliyobaki kwa programu zako.

GNOME ni chaguo-msingi sahihi kwa Debian. Ufikivu wake ni wa kweli, inatumia Wayland, mfumo mpya wa kuchora skrini, tangu Debian 10, na mipangilio yake inaeleweka na mgeni. Lakini inadai mambo mawili ambayo kompyuta nyingi za mtumba hazina: michoro inayosaidiwa na kadi, na diski ya SSD. Bila kadi inayofaa, michoro yote hufanywa na prosesa, na kufungua dirisha tu kunakwamakwama. Kwenye diski ya kuzunguka, huduma yake ya kuorodhesha mafaili hushughulisha diski siku za mwanzo mpaka mtu akadhani kompyuta imekufa. Kama kompyuta ina RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka, weka Xfce bila kusitasita. Kama una fedha ya kununua kitu kimoja, nunua SSD kabla ya RAM. Ubishi mwingi wa "GNOME ni nzito" huishia hapo.

Anayetoka Windows mara nyingi hulalamikia vitu viwili katika GNOME: hakuna mwambaa wa programu chini, na alama ndogo za programu zilizo nyuma hazionekani. Vifurushi vya `gnome-shell-extension-dashtodock` na `gnome-shell-extension-appindicator` vinatibu yote mawili, ukishatoka na kuingia upya na kuviwezesha. Akibaki hana raha, Cinnamon au KDE Plasma zitamfaa zaidi kuliko kuilazimisha GNOME iwe kisicho.

Jambo lisilofaa ni kutia alama maeneokazi matatu kwenye ile skrini "ili nijaribu". Utapata visimamizi viwili vya mafaili, terminali mbili, vifunga-skrini vinavyogombana, na mifumo miwili ya kuingilia, gdm3 na lightdm, inayosubiri mmoja ateuliwe. Jaribu kwa taswira za majaribio, kisha sakinisha moja. Ukishasakinisha na ukabadili mawazo, `apt install task-xfce-desktop` inaleta Xfce nzima. Kifurushi cha `gnome-core` huleta GNOME iliyopunguzwa. Mfumo wa kuingilia hubadilishwa kwa `dpkg-reconfigure lightdm`, na eneokazi lenyewe huchaguliwa kwenye skrini ya kuingilia. Unapoondoa la zamani, soma orodha ya `apt autoremove` kabla ya kukubali, maana NetworkManager, programu inayosimamia mtandao, inaweza kuondoka pamoja nalo.

Hapo kwenye mtandao pana kosa linalowapata walioanza na mfumo mtupu kisha wakaongeza eneokazi. Mtandao unafanya kazi kwenye terminali, lakini alama ya Wi-Fi haionyeshi kitu. Sababu ni kwamba kisakinishi kiliandika kadi yako kwenye `/etc/network/interfaces`, na NetworkManager ya Debian haigusi kadi iliyotajwa humo. Weka `#` mbele ya mistari ya kadi hiyo, acha ile ya `lo`, na uwashe kompyuta upya.

Kwa maabara ya shule yenye kompyuta ishirini, ubishi wote huu huamuliwa mara moja na anayesimamia. Sakinisha kompyuta moja kwa mkono, weka kifurushi cha `debconf-utils`, na ukiwa root utoe majibu uliyoyatoa kwa `debconf-get-selections --installer`. Yatumie kama kumbukumbu ya kuandikia faili fupi ya preseed, yaani majibu unayoyaandaa mapema kwa ajili ya kisakinishi. Kuyanakili yote kama yalivyo huleta matatizo. Mstari wa eneokazi ni huu:

`tasksel tasksel/first multiselect standard, xfce-desktop`

Iweke faili kwenye seva ya mtandao wa ndani na uitaje kwenye mstari wa kuwasha kwa `auto url=`. Sehemu ya kugawa diski iandike mwisho kabisa, na uijaribu kwenye kompyuta isiyo na kitu, kwa sababu preseed iliyokamilika hufuta diski bila kuuliza tena.